Hakimu Hawezi Kukuandamishia Mwezi, Baba Batuli

Baba Batuli, umepotea wewe. Mara ya mwisho ulikaa hapa barazani kwangu, ukala kashata nilizowawekea wageni wengine, ukaniahidi kwamba Ijumaa itakayofuata utapita unieleze mlivyopatana wewe na mama wa mtoto. Ijumaa hiyo ilipita, zikapita nyingine nyuma yake, mtoto amebadilisha meno, na wewe hata salamu. Kutoka Tudor mpaka hapa nyuma ya Ndia Kuu si safari ya kufungia mkoba. Nikadhani u mgonjwa, nikadhani umehamishwa kazi. Kumbe mwenzangu ulikuwa kortini, na sasa korti imekuchoka ndiyo umekumbuka kwamba kuna bibi.

Barua yake hii hapa, wasomaji wangu. Terry wa gazetini alinisomea mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza nilimkatiza sana. Majina tumeyageuza, kwa hivyo msianze kupigiana simu.

*

Bi Mwanahawa, assalam aleikum. Najua utanikaripia kabla hujanijibu, na kwa kweli sina uso wa kukuandikia, lakini nimefika mahali sina mwingine wa kumuuliza, nakuomba unisikilize mpaka mwisho.

Mimi ndiye yule karani wa kampuni ya kutoa mizigo bandarini, niliyeachana na Mwanaesha, anayepika mikate ya sinia na kaimati za watu nyumbani kwao Mji wa Kale, na tuna mtoto mmoja tu, Batuli, ambaye korti ya watoto iliamua akae na mamake siku za shule, mwisho wa juma awe kwangu, na kila Idd, Idd Mosi awe na mimi na Idd Pili awe na mamake, na amri hiyo niliipokea kwa moyo safi, nikaipiga nakala, nikaitia plastiki, kwa sababu kazi yangu mimi ni karatasi, kontena haitoki bandarini bila muhuri, na nilidhani mambo ya mtoto nayo yakishapigwa muhuri yametulia.

Lakini Mwanaesha hafuati amri vile ilivyoandikwa. Kwanza alimleta mtoto kwangu watu wameshatoka msikitini na amri inasema kabla ya adhuhuri, nikaenda kortini. Kisha akamtoga masikio tundu la pili bila kuniuliza, nikaenda kortini. Akampeleka harusini Lamu, mtoto akakosa siku yangu, nikaenda kortini, akaja akamng'oa jino la mbele kwa uzi, jino ambalo mimi mwenyewe nilikuwa nikilitazama kila wiki linavyolegea, nikapewa habari limeshatupwa juu ya paa, nikaenda kortini vilevile, maana nilijiambia leo ni jino kesho itakuwa nini, mpaka wakili wangu Bramwel, mtu wa bara lakini muungwana, akaanza kunikwepa, na siku moja akaniambia, "Bwana, faili yako sasa ni nene kuliko mtoto mwenyewe," nami nikacheka nikidhani ananitania, kumbe alikuwa anajitoa.

Lililoniharibia hasa ni Idd ya mwaka jana. Wewe unajua sisi kwetu tunafuata mwezi ukionekana popote duniani, na kina Mwanaesha wao hungoja uonekane huku kwetu, na hata tulipokuwa mume na mke tulikuwa tukisali Idd siku mbali mbali katika nyumba moja, mimi nala biriani na yeye bado amefunga ananitazama, tukicheka, na Batuli akipata Idd mbili. Basi mwaka jana kwetu Idd ikaingia, nikasali, nikaenda na nguo mpya za mtoto mpaka mlangoni kwao, Mwanaesha akatoka akaniambia kwao bado ni Ramadhani na Batuli amefunga, ndiyo mara yake ya kwanza kuufunga mwezi mzima na imebaki siku hiyo moja, anataka kuikamilisha. Nikamwambia amri inasema Idd Mosi. Akasema Idd Mosi ni kesho. Nikasema Idd Mosi ni leo. Nikaenda kituoni nikarudi na askari wawili na nakala ya amri, wakaisoma, wakatazamana, mmoja akaniuliza kwa upole huo mwezi uliandama wapi, kisha wakaondoka zao, na Batuli muda wote huo alikuwa ndani nyuma ya pazia.

Siku iliyofuata sikusherehekea wala sikutoka, nilishinda saiba, pale kwenye kompyuta za kukodi, nikichapisha picha nilizopiga pale mlangoni na kuandika maelezo, na hata siku hiyo Mwanaesha hakuniacha nipumue, alinipigia simu baada ya swala, akapiga tena, akapiga tena, sikushika, wakili alishanionya nisizungumze naye nje ya korti, na simu zote hizo nilizipiga picha nikazitia kwenye ushahidi kama usumbufu. Nikaiomba korti iamue Idd Mosi ni ya mwezi upi, ubishi uishe, na Mwanaesha aadhibiwe kwa kuidharau amri.

Hakimu alisoma, akavua miwani. Akasema, "Mtoto huyu sasa anawajua makarani wangu kwa majina. Kwa miaka miwili hutaleta ombi jipya hapa bila kuomba ruhusa kwanza kwa maandishi, na nitalisoma mimi kabla mamake hajaitwa. Ukija na jambo la maana, utasikizwa. Ukija na tundu la sikio, utarudi nyumbani." Watu waliokuwa wakingoja kesi zao wakacheka, Bi Mwanahawa, na mimi nimevaa tai.

Sasa Ramadhani imeingia kumi la mwisho. Juzi nilimpigia Batuli kumuuliza mwaka huu anataka nguo za rangi gani, akaniambia, "Baba, mwaka huu mimi sitaki Idd." Maneno hayo si ya mtoto wa umri wake, hayo amefundishwa, na nikitaka kuyapeleka kortini siwezi, nimefungwa mikono kama mwizi. Nimefikiria njia mbili. Ya kwanza, mamangu alete ombi kwa jina lake yeye, kwa kuwa amri imenitaja mimi peke yangu, na hati yake ya kiapo nimeshaiandika, imebaki kutiwa kidole tu. Ya pili, niachane na korti hii niende kwa kadhi nikaanze upya. Niambie niende na ipi kabla mwezi haujaandama, maana nahisi mwanangu ananitoka.

Baba Batuli, Tudor.

*

Usiende na yoyote. Nimekujibu mwanzo kabisa ili kama una haraka ya kurudi saiba, uende.

Kama umebaki, kaa vizuri. Tuanze na mamako, maana huyo ndiye aliyenipandisha presha. Unamtaka bi mkubwa mwenye magoti mabovu apande ngazi za korti, katika kumi la mwisho la Ramadhani, aape kwa jina la Mungu kwamba maneno yale ni yake, hali umeyaandika wewe na yeye hakuyaona yakitendeka. Hakimu akimuuliza swali moja tu, mama, habari za jino hili wewe ulizipataje, atamtazama nani? Atakutazama wewe. Na hakimu naye atageuza shingo akutazame, ajue papo hapo ni nani yumo ndani ya lile buibui. Siku hiyo hutakuwa na kesi na Mwanaesha tena, utakuwa na kesi na korti yenyewe, na mamako utakuwa umemtia uongo kinywani na saumu yake. Hati hiyo haitiwi kidole. Ichane leo, kabla hamjafuturu, na umwombe radhi kwa kuifikiria.

Kadhi ndiye aliyewaachanisha, anakujua uso. Ukienda ukamficha kwamba kuna hakimu ameshakuwekea mpaka, umemdanganya. Ukimwambia, atakuuliza kwa nini basi umekuja kwake, na jibu huna. Unahama korti kama mtu anayehama msikiti kwa sababu imamu amemwambia ukweli.

Halafu hebu nikufahamishe ulichoamriwa, kwani naona siku ile ulisikia kicheko cha watu, maneno hukuyasikia. Hakimu hakukuvua ubaba. Mwisho wa juma wako upo pale pale, Idd yako ipo pale pale. Alilokuzuia ni kumwita mwanamke asimame mbele ya watu kila roho yako inapowashwa. Mtoto akipigwa, akiugua asipelekwe hospitali, akitolewa shule, akifichwa usimwone wiki nenda wiki rudi, mtafute Bramwel umbembeleze, na kama hataki mtafute mwingine, uombe ruhusa kwa jina lako mwenyewe, useme jambo moja na ukweli wake, na utasikizwa. Umefungwa mikono wapi hapo? Kontena yako mwenyewe hukaguliwa kabla ya kutoka getini, na sijakusikia ukilia kwamba bandari imekudhulumu.

Na wewe ulikuwa ukidhani kila ombi ni karatasi tu inayotoka mkono huu kwenda mkono ule. Nikwambie ilivyokuwa upande wa pili. Kila ulipoomba, Mwanaesha alizima jiko, akawaambia watu mikate yao leo haipo, akapiga pasi buibui, akaenda kukaa benchini kutwa ili aulizwe juu ya uzi wa kung'olea jino. Na Batuli akarudi kutoka shule akakuta mlango umefungwa, akapokewa na jirani, akauliza mama yuko wapi, akaambiwa ameitwa na babako. Jibu hilo amelisikia mara ngapi? Tena mara nyingine ni yeye mwenyewe aliyepelekwa, akakaa pale miguu ikining'inia, mpaka makarani wakawa wanampa peremende. Mtoto hajui ombi ni nini. Anajua babake akikasirika, mamake hulala na mawazo, na yeye hula peremende za korti.

Sasa tuje kwenye mwezi. Maulamaa wetu, Mungu awape umri, wamekaa miaka na miaka juu ya jambo hilo, wamenywa chai birika kwa birika, na bado hawajamaliza. Hakimu yule ni mtu wa kanisa. Wewe unamtaka akuandamishie mwezi, tena kabla ya saa ya chakula cha mchana. Wallahi Terry alipofika hapo alicheka mpaka nikamwambia aweke karatasi chini. Amri imesema Idd Mosi, haikusema ya mwezi wa wapi, kwa sababu aliyeiandika hakujua kwamba nyumba yenu ina miezi miwili. Nyinyi mlijua. Mliishi nayo, mkaifanya mzaha, mtoto akapata Idd mbili na watoto wenzake wakamwonea wivu. Jambo mliloliweza mkiwa kitanda kimoja limekushinda nini sasa, ila kiburi?

Lakini lililonifanya nimwambie Terry arudie kusoma ni zile simu.

Nifuate taratibu, mwanangu. Mlangoni, Mwanaesha alikwambia Idd Mosi ni kesho. Kesho ikafika. Wakaenda wakasali, wakarudi. Mara tu baada ya swala akachukua simu akakupigia. Akapiga tena. Akapiga tena. Mwanamke uliyemletea askari jana, mbele ya majirani, anakupigia asubuhi ya Idd yake kukusumbua? Ana kaimati za watu jikoni, ana wageni, na wewe ndiye wa kusumbuliwa? Mimi sikuwepo na siapi juu ya nisichokiona, hiyo kazi nakuachia wewe. Lakini kwa hesabu yake ile ndiyo iliyokuwa siku yako. Alikuwa akikuita uje umchukue mtoto.

Mtoto aliyemaliza mwezi wake wa kwanza mzima. Ametiwa hina, amevishwa, amekaa kizingitini anatazama kila tuktuk inayokata kona, anamngoja babake amwambie hongera. Na babake yuko saiba, anaipiga picha ile simu inayomwita.

Kwa hivyo usiniambie tena kwamba "sitaki Idd" amefundishwa. Ndiyo, amefundishwa, na aliyemfundisha ni wewe. Idd moja imemletea askari mlangoni, akangoja nyingine na hukuja. Ningekuwa mimi ningesema vilevile, na mimi ni mzee.

Haya, sasa usikae ukajililia huko Tudor na futari inapoa. Mimi najua hukufanya kwa chuki. Mtu hafuatilii jino la mtoto linavyolegea kama hampendi. Wako wanaume wameacha watoto hapa Mombasa hata hawajui wanavaa kiatu nambari ngapi, na korti hazijawahi kuwaona. Wewe uliogopa utasahaulika, ukawa unaomba kila wiki upewe karatasi ya kukuhakikishia kwamba u baba. Nimekuelewa, na ungekuwa hapa ningekukumbatia kisha nikakupiga kofi la mgongo. Lakini Batuli hawezi kukumbatia nakala ya amri, hata ukiitia plastiki mara mbili.

Na wewe Mwanaesha, kwa kuwa najua gazeti hili unalifungia kaimati na lazima macho yako yatapita hapa, usikenue meno. Kumtoga mtoto masikio bila kumwambia babake si adabu. Kumpeleka Lamu siku ya mwenzio bila neno si adabu. Simu tatu ulizopiga siku ya Idd zilikuwa za heri, ungepiga moja tu kabla ya ule uzi wa jino, labda haya yote tusingekuwa tunayasoma gazetini.

Narudi kwako. Leo, sio kesho, mpigie Mwanaesha. Mpigie wewe, usimtume dada wala wakili. Hakimu alikuzuia kuleta maombi, hakukuzuia kusema salaam aleikum. Mwambie, zile simu zako za mwaka jana sikuzishika kwa ujinga, nisamehe. Usiongeze "lakini". Nakujua, "lakini" iko kwenye ncha ya ulimi, imeze. Kisha mwambie mwaka huu Idd Mosi ya Batuli ni ile ambayo Batuli amemaliza kufunga, kwa mwezi wa kwao, na wewe utakuwa mlangoni baada ya swala, saa atakayosema yeye.

Ikiwa mwezi wako utaandama kabla ya wao, sali, kula na mamako, furahi, hakuna aliyekukataza. Magharibi ikikaribia, mpelekee Batuli tende na maji ya madafu afungulie siku yake ya mwisho, uyatoe mlangoni, umwambie hongera mwanangu, urudi nyumbani. Usiingie. Usipige picha. Wala usitoe nakala yoyote mfukoni.

Siku yako ikifika, mchukue, mtembeze ufukweni kule Mama Ngina, mnunulie mihogo ya kukaanga na achari mpaka midomo imwashe, mwache akimbie na watoto wenzake na umshikie viatu. Usimuulize nyumbani kwa mamake nani alikuja, nani alisema nini, nani anapika siku hizi. Na akikwambia tena kwamba hataki Idd, mwambie nimesikia, mwaka jana nilikosa mimi. Mtoto akisikia mtu mzima akisema hivyo, huenda akaendelea kula mihogo yake, halafu ghafla akaanza kukueleza habari za paka. Hapo ujue umefika.

Baada ya Idd, wakae wazee wawili wa upande wako na wawili wa upande wake, mkubaliane juu ya jambo hili moja tu, mwezi wa nani ndio mwezi wa mtoto, mwende nalo kwa afisa wa watoto aliandike, kisha hakimu aletewe makubaliano ambayo nyote wawili mmeyatia saini. Mtaomba ruhusa hiyo pamoja. Nadhani hiyo ataivalia miwani.

Na Mwanaesha akikataa, nikiwa na maana akikufungia mlango kweli, tena na tena, hali wewe umefanya yote haya kwa ulimi mtamu, hapo mimi mwenyewe nitakuwa wa kwanza kukwambia omba ruhusa. Lakini si kabla. Na si juu ya tundu la sikio.

Idd ikipita, njoo kwangu na Batuli. Wewe utakaa pale ukutani, mdomo umefungwa, na yeye ndiye atakayenisimulia Idd yake ilikuwaje, mwanzo mpaka mwisho. Akikosea siku, usimsahihishe.